Meza Isiyo na Karatasi

Newala,
Msimu wa korosho

Mdogo wangu mpendwa Anthony, Baba Anjelina,

Ungekuwa mbele yangu ungekwisha kuniamkia, basi pokea marahaba yangu kabla hujaiomba. Natumaini barua hii itakukuta mzima wewe na mama watoto na Anjelina wetu, na kwamba baridi ya Mbeya imewazoea, kama nyinyi hamjaizoea. Huku tunamshukuru Mungu. Mikorosho imezaa kiasi, mabibo yameoza chini mpaka nzi wamechoka, na maji ya bomba yanakuja yakipenda. Shangazi Helena anakusalimu sana. Goti lake bado linamsumbua, ila mdomo wake haujambo. Habari zangu mimi nitakueleza mbele, kila jambo mahali pake, maana mimi si mtu wa kuropoka.

Ulinipigia simu ukaniuliza meza yako ya mchezo inaendeleaje, nikakujibu kwamba inaendelea. Lilikuwa jibu la mtu asiyetaka ugomvi. Sasa nimeamua kukujibu kwa barua, kwa sababu kwenye simu hunipi nafasi. Nikianza jambo unanishauri kabla sijalimaliza. Kaa chini, usome mpaka mwisho, wala usianzie mwisho kama ulivyozoea kusoma magazeti.

Unakumbuka ulivyotuletea mchezo huu kutoka chuoni, na mfuko wako wa dadu zenye pembe nyingi, majirani wakadhani umejifunza ramli. Mimi ndiye niliyewatuliza. Niliwaeleza kwamba hakuna uganga wowote: mtu mmoja ndiye mwongozaji, anasimulia nchi ambayo haipo, wengine kila mmoja anakuwa mtu ndani ya nchi hiyo, anasema atafanya nini, na dadu inaamua kama amefaulu au ameumbuka. Mama mmoja wa jumuiya yetu akaniuliza kama watu wazima hatuna kazi. Nikamjibu kwamba tunayo, ndiyo maana tunacheza Jumapili.

Wewe uliposhika uongozaji, wiki nzima ulijiandaa kana kwamba unakwenda kupima mpaka wa vijiji viwili vilivyoshikiana mapanga. Ulichora ramani. Kila kijiji kilikuwa na jina, kila jumbe alikuwa na mke, na kila mke alikuwa na sababu ya kununa. Tukigeuka kushoto, ulikuwa na karatasi ya kushoto. Tukirudi nyuma, ulikuwa na karatasi ya watu tuliowaacha nyuma. Huo ndio uungwana. Mtu aliyealika wageni hasubiri mpaka wanawe mikono ndipo aulize unga uko wapi.

Ulipohamia Mbeya ukamwachia Awadhi kiti. Ningeelewa ungemwachia Esther, ambaye ni mwalimu na huandaa somo kabla ya kuingia darasani. Ningeelewa hata kwa Selestini, maana dereva wa lori la korosho angalau hukagua matairi kabla ya kuondoka. Wewe ukamwachia fundi wa sola, Myao wa Masasi, mtu anayepanda paa la watu ndipo akumbuke kwamba bisibisi imebaki chini, na ngazi ameshamrudishia mwenyewe. Usiseme nazungumza haya kwa sababu Wayao ni watani zetu. Utani una siku zake. Hiki ni kinyaa.

Jumapili yake ya kwanza alikuja baada ya swala ya alasiri, mikono mitupu, akitafuna njugu mawe. Nilikuwa nimefuta meza yangu ya kukatia nguo na kupanga karatasi zako juu yake, kwa kuwa nilijua yeye hatakuja na kitu. Akazisogeza pembeni taratibu, kama mtu anayemwondoa kuku njiani asimkanyage, akaweka dadu mbili, akasema kwamba tuko kwenye gulio. Nikamwuliza gulio la wapi. Akaniambia hilo nitalisema mimi.

Anthony, ufundi wake wote ndio huo. Hajui kitu, basi anauliza. Selestini, ambaye akili yake imezoea redio ya lori, akadakia kwamba ni gulio la sauti zilizoibwa, watu wanauza na kununua sauti za wenzao. Awadhi akafurahi kama aliyeokota simu njiani. Akamwuliza Esther ni sauti ya nani iliyotundikwa kwenye banda la mbele, Esther akasema ni ya mama wa mhusika wake, na kuanzia hapo tukamfukuza mwizi wa sauti msimu mzima wa palizi. Mambo yote hayo yalitoka kwetu. Yeye alikaa tu, akiyapokea kama kapu.

Wala hawezi kuyashika vizuri. Jumbe wa gulio alibadilika jina mara tatu. Mfalme tuliyemzika kwa heshima zote alitokea Jumapili iliyofuata akitumiminia chai. Nilipomkumbusha kwamba huyo ni maiti, hakuona hata haya. Alikuna kichwa, akatuuliza tunadhani nani angefaidika na kuzikwa kwa mtu asiyehusika. Esther akasema malkia. Basi usahaulifu wa Awadhi ukageuka njama ya ikulu, na watu wakaondoka wakisema haijawahi kutokea Jumapili tamu kama ile. Mtu amesahau, amesifiwa.

Nilimfuata karakana kwake siku ya kazi nikamwambia wazi kwamba anatupotezea muda. Alinisikiliza huku ameshika betri. Akasema aliwahi kujaribu kujiandaa, siku ile alipokushikia kiti ulipokuwa safarini, akaandika mambo ya Jumapili nzima, na sisi tukaacha njia yake kwenye njia panda ya kwanza. Mchana kutwa akawa anatuswaga kama mbuzi ili turudi alikotaka. Tangu hapo, akasema, anakuja na swali moja na masikio. Nikamwambia masikio si maandalizi, ni maumbile. Akacheka. Namdharau mtu anayecheka akitukanwa, anakuharibia tusi.

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba meza imejaa. Enzi zako Esther alikuwa hasemi mpaka zamu yake, sasa anasema kwa niaba ya nchi nzima. Selestini anaweza kutoka na mzigo Mtwara akaendesha bila kupumzika ili awahi. Niliwaambia kwamba hata nzi hujaa, inategemea umeweka nini mezani. Wakaniletea kiti changu, tukaendelea.

Mwisho nikasema imetosha. Jumapili moja niliwatangazia kwamba leo tutacheza kutoka kwenye karatasi za Anthony, kwa mpango, kama watu waliokwenda shule. Nilitegemea Awadhi abishe ili nimalize hasira zangu zote siku hiyohiyo. Hakubisha. Alisema ni vizuri sana, akanisukumia karatasi ya juu, akasema, "Tusomee wewe, Dada. Wewe ndiye unayezijua."

Sasa hapa, mdogo wangu, ndipo inanibidi nikuambie jambo ambalo sijamwambia mtu wa nyumba yetu.

Macho yangu yalikuwa yameanza kuniacha tangu msimu uliopita. Haikuja ghafla. Kwanza sindano ilianza kunikataa, nikasema uzi wa siku hizi ni mbovu. Kisha watu wakawa wananitokea ubavuni bila mimi kuwaona wakija, nikasema watu wa Newala hawana adabu, hawapigi hodi. Nilipojigonga kwenye mlango wa duka nilimtukana seremala. Nilishona suruali ya mwenyekiti wa kijiji, mguu mmoja ukawa mfupi, nikamwambia yeye ndiye aliyesimama vibaya nilipompima, naye masikini akakubali. Nilikuwa na jibu kwa kila mtu.

Nikaishika ile karatasi. Naliona neno moja, nikihamia la pili la kwanza limekimbia, na mstari wenyewe siupati. Wote walikuwa wakinisubiri. Ningesema sina miwani, lakini miwani ilikuwa usoni. Basi nikafanya jambo ambalo nimelilaani katika barua hii yote: nikasoma kisichoandikwa. Nikasema kuna mto mpana, daraja limeungua, na ukingoni nyasi zimelala upande mmoja kama zimekanyagwa na jeshi.

Esther alikuwa amekaa bega kwa bega nami. Aliniambia baadaye kwamba karatasi ilihusu bei ya chumvi katika kijiji cha mlimani, mto haumo. Na Awadhi ndiye aliyekusaidia kuiandika karatasi ile, alijua vizuri kwamba haumo. Hakuna aliyenisahihisha. Yeye akauchukua mto wangu kama alivyochukua gulio la Selestini, akauweka mbele yetu, akatupa baridi yake na sauti yake. Akatufikisha mpaka majini. Kisha akanigeukia mimi, ambaye ndani ya mchezo ni mwindaji.

"Mwindaji wako amesimama ukingoni," akasema. "Ng'ambo kuna nini?"

"Sioni," nikasema.

"Kuna ukungu?"

"Hakuna ukungu. Ni mchana kweupe. Mimi ndiye sioni."

Nilikusudia aseme mwindaji. Lakini sauti iliyotoka haikuwa ya mwindaji, na kila mtu mezani aliisikia. Selestini akaziweka dadu chini polepole. Esther akanishika mkono chini ya meza, nikautoa.

Mtu mwenye busara angefunga mchezo hapo hapo, akatutakia Jumapili njema. Wewe ungefunga, nakujua. Ungetafuta karatasi ya jambo hilo, ungeikosa, ungekohoa, tungeagana. Awadhi hana busara hiyo. Aliwageukia wenzangu na sauti yake ileile, wala hakuishusha kama watu wanavyoishusha mbele ya mgonjwa, akasema, "Mwindaji haoni. Nyinyi mko naye. Mwambieni ng'ambo kuna nini."

Wakaniambia. Esther alisema kuna wanawake wanaanika muhogo juu ya jiwe, mmoja ameinua mkono, lakini hajui kama anatuita au anatufukuza. Selestini alisema kuna mikorosho, imepandwa vibaya, imebanana, mwenye shamba hakushauriwa. Halafu akamwuliza mwindaji wangu kama angependa kushika ncha ya fimbo yake wakati wa kuvuka. Nikamwuliza kama fimbo hiyo ni safi. Wakacheka, na mimi nikacheka, nikavuka. Dadu hazikurushwa.

Walipoondoka Esther alibaki akikunja vitambaa ambavyo vilikuwa vimekunjwa tayari. Nikamwambia aende akasahihishe madaftari. Hakwenda. Nikamweleza yote nimesimama, kwa sababu ningekaa ningelia. Naye hakunipa pole nyingi. Aliuliza tu Selestini anashuka lini na mzigo.

Wiki hiyohiyo tukashuka Masasi kwa lori, tukaendelea mpaka hospitali ya Ndanda. Tulikuwa mimi, Esther aliyeomba ruhusa shuleni, na Selestini kwenye usukani. Na Awadhi, ambaye hakualikwa na mtu. Alipanda nyuma juu ya magunia bila koti, bila maji, bila hata kuuliza tutarudi lini. Njiani alilowa mvua, akaingia hospitalini anachuruzika kama kuku wa sadaka. Wauguzi walidhani mgonjwa ni yeye.

Daktari wa macho alinipima kwa mashine na kwa subira, nikamsifu kimoyomoyo, maana huyo alikuwa amejiandaa. Akaniambia ni presha ya macho. Jicho la kulia limekwisha. La kushoto bado linaona, lakini kama mtu anayechungulia ndani ya bomba. Kilichokwenda hakirudi kwa dawa wala kwa upasuaji. Matone ya kila siku, na baadaye kisu kidogo, ni kwa ajili ya kulinda kilichobaki. Nikamwuliza kwa nini halikuniuma hata siku moja ili nijue. Akasema ndivyo ugonjwa huu unavyokuja, bila kubisha hodi.

Kisha akaniuliza kama katika familia yetu kuna mtu aliyepoteza macho.

Nikamtaja Baba. Wewe ulikuwa mdogo, hukumbuki vizuri. Baba alianza kujikwaa kwenye shamba lake mwenyewe pale Chilangala, kwenye mizizi aliyoijua kuliko vidole vyake, mpaka tukawa tunampeleka kwa mkono. Watu wakasema amerogwa kwa ajili ya mpaka wa mikorosho, tukaacha kusalimiana na ule ukoo wa jirani mpaka leo. Daktari akasema hawezi kumpima marehemu, lakini ugonjwa huu hutembea katika damu, na ndugu wa tumbo moja lazima wapimwe hata kama wanaona vizuri kabisa. Ndugu yangu wa tumbo moja ni wewe peke yako. Wale majirani nimewatumia salamu kupitia Shangazi Helena. Wamezipokea, kwa baridi, lakini wamezipokea.

Mwandiko huu umeshaona kwamba si wangu, na nadhani umeshautambua. Ni wa Awadhi. Esther yuko kwenye mitihani, Selestini yuko njiani, na mimi kalamu nikiishika mistari inapandana. Kila neno nililosema juu yake ameliandika kwa mkono wake, hapa hapa mezani kwangu, akinywa chai yangu. Kwenye neno kinyaa alisimama, akaniuliza kama sipendi tuseme karaha. Nikamwambia aandike alichosikia, hiyo si kazi ngumu kwa mtu mwenye masikio. Jana Esther alinisomea ukurasa wa kwanza kwa sauti ili kuhakikisha hajaingiza ya kwake, na amekuta ameongeza mahali pamoja: pale pa ngazi. Mimi nilisema bisibisi tu. Nimeiacha ngazi, kwa sababu ni kweli.

Usidhani nimeongoka. Bado nasema mezani mtu aje ameshapika. Ila karatasi zinataka macho, na mimi nimebaki na jicho la kuvukia barabara. Suruali na sare nimempa Shamila wa sokoni azishone. Mimi nabaki na mapazia na shuka, mishono iliyonyooka ambayo mkono unaijua wenyewe. Na Jumapili wamenikalisha kwenye kiti chako. Awadhi mwenyewe ndiye aliyeinuka. Naingia sina kitu mkononi, nauliza swali, nasubiri, na wao wanajenga nchi mbele yangu kwa maneno, naiona yote mpaka pembeni. Wanasema ninaongoza vizuri kuliko yeye. Hiyo si sifa. Hata mbuzi angemshinda. Na kama mchezaji, Awadhi ni balaa tupu: kila kijiji tunachoingia anaiba punda.

Sasa nije kwako, na hili ndilo lililonifanya niandike. Nakujua tangu nilipokuwa nakubeba mgongoni. Utaisoma barua hii mara mbili. Utasema utaomba likizo kwanza, utaangalia bima inasemaje, utasoma habari za ugonjwa wenyewe, utauliza daktari gani ni bora, utachora na ratiba. Baba naye alisema atakwenda hospitali akimaliza kuvuna. Alivuna, Anthony, mimi ndiye niliyembebea kapu, na alikuwa anaokota mawe akidhani ni korosho.

Nenda Jumatatu. Usijiandae. Amka, nawa uso, nenda hospitali yoyote yenye mtu wa macho, useme umekuja kupimwa presha ya macho. Wakikuuliza unasumbuliwa na nini, waambie husumbuliwi, umetumwa na dada yako. Ukitoka hapo unipigie, na safari hiyo nitakuacha useme mpaka mwisho.

Mpe wifi salamu zangu nyingi, na Anjelina umbusu kwa niaba ya shangazi yake. Mkija kwa Krismasi njooni na mchele wa Kyela. Ming'oko, vile viazi vyetu vya porini, na kisamvu cha karanga mtavikuta. Esther na Selestini wanawasalimu sana. Huyu anayeandika naye anasalimu, nimemruhusu mstari mmoja na ameshaumaliza.

Mungu awalinde mpaka tuonane. Jina lililopinda hapa chini nimeliandika mwenyewe.

Dada yako anayekupenda,
Josephina